Aliyepata Kweli Hapigi Kelele

Mpendwa Baba Moraa,

Usishangae kuona Kiswahili. Siku za uchumba wetu tuliandikiana Kiswahili, wewe ukiwa kibarua Kericho na mimi kwa wazazi wangu kule Ekerenyo, Nyamira. Ekegusii tulikiachia mdomo. Baadaye, tukiwa ndani ya nyumba moja, ugomvi wetu wote ulikuwa wa Ekegusii, lakini ya kusema "nakukumbuka" yalibaki kwenye Kiswahili cha shule, pamoja na zile ngeli zako zilizokwenda upande. Leo nimefuta meza, nimepata kalamu isiyokauka, na ninakukumbuka. Basi ni Kiswahili.

Nina jambo la kuungama na jambo la kukuambia. La kuungama nimelibeba miaka minne: nilikudanganya, tena mchana kweupe, mbele ya watu. La kukuambia nimelipata juzi Alhamisi kwenye zizi la ng'ombe. Nitaanzia mbali kidogo. Wewe mwenyewe hukuwahi kueleza kitu bila kuanzia boliti ya kwanza, kwa hiyo vumilia.

Moraa yuko hapa, amekuja likizo kutoka Nakuru. Jumatano jioni alikuwa jikoni ananisaidia kuchambua chinsaga, mkono mmoja kwenye mboga na mwingine kwenye simu, kama kawaida yake.

"Mama," akasema, "huku watu wanabishana. Zile vitu watu wanapata kwa yadi, kwenye zile vipindi za kuunda mashine, ni kweli wanazipata ama wanawekewa?"

Nilicheka mpaka nikashika mlango. "Muulize baba yako," nikamwambia.

Moraa naye akacheka, halafu kicheko kikakatika. Mwaka wa pili huu tangu tukuzike pale nyuma ya migomba, na mdomo wangu bado unawatuma watu kwako.

Unakumbuka zile Jumapili zetu. Sabato ilikuwa ya kanisa, na Jumapili asubuhi ilikuwa ya kufua na kuchungulia shamba. Lakini alasiri, mvua ya Kisii ikishaanza kupiga mabati, tuliketi mbele ya ile televisheni uliyoifufua kwa mikono yako, yenye picha ya kijani kidogo, kila aliyetokea akionekana anaumwa nyongo. Kipindi kilikuwa kile cha watu wanaofungiwa kwenye yadi ya vyuma kuukuu na kuambiwa waunde mashine kabla jua halijazama. Walikimbia, wakapekua, wakakata tamaa. Saa ikawasukuma. Kisha mmoja anafunua bati, na chini yake kuna injini nzima, inayofaa hasa kazi waliyopewa. Anashika kichwa kwa mikono miwili, anapiga kelele, wenzake wanakuja mbio wanakumbatiana. Mimi hapo machozi yalikuwa yananitoka. Wewe ulikuwa unameza chai.

"Hiyo imewekwa," unasema.

"Wewe nawe! Umejuaje?"

"Angalia nyasi. Kitu ikikaa mahali mwezi, nyasi ya chini inakuwa ya manjano. Hiyo bado kijani. Hiyo injini imelala hapo tangu asubuhi."

Kila Jumapili somo jipya. Kutu hufuata maji ya mvua, kwa hiyo ikiwa michirizi ya kutu imelala upande, chuma kimegeuzwa. Chuma cha zamani kina wapangaji: konokono, siafu, chura mmoja mwenye hasira. Na kitu kizuri hakikai kwenye usawa wa kifua, kwa sababu kuna wengi waliopita kabla yako na wote wana macho. Nilikuwa nikikuambia unaniharibia utamu. Nilikuuliza kama Mungu hawezi kumwekea mtu kitu njiani akikihitaji. Ukasema Mungu anaweza, lakini Mungu haiti kamera kwanza.

Somo kubwa kuliko yote ulinipa Jumapili moja umeme ulipopotea katikati ya kelele za mshindi. "Mama Moraa," ukasema, "mtu mwenye amepata kitu kweli hapigi kelele. Anaogopa. Ananyamaza, anachuchumaa, anaangalia kama kuna mtu anamwona."

Na nilikuwa nimekuona ukifanya hivyo hivyo. Siku nilizoshuka mjini Kisii kuuza ndizi nilikupitia kwenye yadi ya Kwamboka, yule mama mnene wa maneno mengi anayeuza vyuma kuukuu nyuma ya magereji. Ulikuwa unatembea juu ya vyuma kama mtu anayetafuta sura ya mwenzake sokoni. Ghafla unasimama. Unachuchumaa polepole, unakuna sikio, unatazama kushoto, unatazama kulia. Kwamboka anaita kutoka kibandani, "Fundi, umepata nini?"

"Hakuna kitu," unajibu.

Hapo nilijua leo tunarudi nyumbani na hazina. Ungeitoa mezani baada ya chakula, umeifunga kwenye shati lako la kazi, na kuifungua taratibu mbele yangu kama mtu anayeonyesha mtoto mchanga. Kumbe ni beringi. Nilijifunza kushangaa. Baada ya muda sikuhitaji kujifunza, nilishangaa kweli, maana ulinieleza beringi ile mpaka nikaiona vile ulivyoiona wewe.

Na zile alama zako. Sikujua fundi mwingine aliyefanya hivyo. Kabla hujakifunga chuma kwenye mashine, ulichukua msumari mgumu na nyundo, ukakipiga vitone vidogo vidogo mpaka vikawa herufi, upande usioonekana. Kama umekiokota mwenyewe, uliandika mahali tu: LORI KENYENYA. KITANDA SHULE. JEMBE ITUMBE. Kama umepewa, uliongeza na jina la aliyekupa. Nilikuuliza nani atasoma, na ukanijibu kwamba siku moja fundi mwingine ataifungua, na ni haki yake kujua ndugu za kila chuma. Nikakucheka. Nilikuambia hata watoto wa watu hawaandikwi hivyo.

Lakini hebu turudi Ekerenyo, siku mlipokuja kuposa. Wazee wako wamekaa upande huu, wa kwetu upande ule, mazungumzo ya ng'ombe yameiva, na mimi niko jikoni nimechungulia kwenye ufa kuona kama mume wangu mtarajiwa ananitafuta kwa macho. Hata! Ulikuwa umegeuza shingo, unaangalia kisiagi cha baba yangu kikisaga wimbi pale uani. Gurudumu lile zito lilikuwa linazunguka, na macho yako yanazunguka nalo. Mjomba wako alikugusa kwa fimbo mara mbili. Maisha yetu yote nimekutania kwamba ulikuja kuposa kisiagi, mimi nikaongezwa kama kifuniko. Na wewe hukukanusha hata siku moja, mwanamume wewe. Ulisema tu, "Lilikuwa linazunguka vizuri mono, vizuri sana."

Sasa unaona ninakokwenda. Wewe ulikuwa unaona mbali kuliko mimi siku zote.

Ulikuwa umeniahidi mashine ya kukatia nepia tangu siku ile panga lilipochukua ncha ya kidole changu nikiwakatia ng'ombe majani. Ulikifunga kidole kwa kitambaa, ukaapa kwa hasira kana kwamba panga lile lilikuwa adui yako wa utotoni. Ukaanza. Fremu ikatoka kwenye kitanda cha shule, visu kwenye springi ya lori. Ikabaki kitu kimoja: gurudumu zito la kuipa mashine nguvu ya kuzunguka. Ukatafuta mwaka, ukatafuta wa pili. Mengine yalikuwa mepesi, mengine yamepasuka. Mashine ikakaa ukutani zizini bila gurudumu.

Halafu ikaja ile asubuhi ya kiharusi.

Sitaiandika sana. Mkono wa kulia ulikwenda, mguu ukarudi nusu, maneno yakarudi karibu yote lakini hukuwa na hamu ya kuyatumia. Uligeuza kiti kikaangalia ukuta. Nyundo zako ulimwambia Moraa azifungie. Niliporudi kutoka kuchuma majani chai nilikukuta pale pale nilipokuacha, na chai imeota ngozi. Hata Jumapili, kipindi kikiwaka, mtu anapata injini nzima juu ya nyasi mbichi kama ya asubuhi, na wewe kimya. Nilikusubiri useme imewekwa. Nilitamani uniharibie utamu hata mara moja tu. Hukusema. Hapo ndipo nilipoogopa, Baba Moraa. Kiharusi hakikuniogopesha kama kile kimya.

Nikamkumbuka baba yangu, Mungu amrehemu, na kisiagi chake kilichonyamaza tangu afe. Gurudumu lilikuwa bado liko chini ya ghala, kuku wanataga pembeni yake. Lakini nilikujua. Kaka yangu Nyakundi aliwahi kukupa mabati mawili tu ya kuezekea choo, ukayarudisha kwa mkokoteni, mvua inanyesha. "Mwanamume hupeleka kwa wakwe," ulisema, "haleti kutoka kwa wakwe." Ningekuambia gurudumu la kwetu linakusubiri, ungegeuza kiti kabisa usinione hata mimi.

Basi nikaamua kukuwekea.

Nyakundi alilileta Kisii kwenye pikapu yake ya ndizi, limefunikwa na mikungu. Nikaenda kwa Kwamboka nikamweleza. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Mama Moraa, mimi nimeuza vyuma tangu nikiwa msichana," akasema. "Sijawahi kupanda chuma kama mahindi."

"Leo utapanda."

Na tulipanda. Nilitumia masomo yako yote, moja baada ya jingine. Tulililaza kwenye nyasi wiki tatu kabla, mpaka nyasi za chini ziwe za manjano. Tulilimwagia maji ya chumvi kutoka juu, kutu ikashuka inavyotakiwa kushuka. Tukaliacha hapo hapo, chini ya usawa wa goti, tukaegemeza mlango wa gari juu yake. Nilibeba konokono watano kutoka kwenye mboga zangu ndani ya kopo la majani chai, nikawapanga kwa mkono. Mmoja alikuwa akitoroka kila mara, Kwamboka akimrudisha na kumkemea kama mtoto wa shule. Nilijiambia, hapa hata Baba Moraa hawezi kusema kitu.

Nikakudanganya kwamba Kwamboka amepata mzigo mpya na haelewi vyuma vyake, anaomba ukatazame tu, usiguse. Ulikataa siku mbili. Siku ya tatu ukaomba fimbo.

Ilikuwa Jumanne, jua la asubuhi, kabla ya mvua. Ulipita pale mara ya kwanza bila kugeuka. Ukapita mara ya pili. Mara ya tatu ukasimama. Ukausukuma ule mlango kwa mguu mzima, ukaangalia nyasi. Ukaangalia kutu. Ukamwangalia konokono mmoja kwa muda mrefu sana, na konokono yule akatulia, Mungu ambariki. Kisha ukainama, ukatia mkono wa kushoto, ukasogeza pua kwenye lile tundu la katikati. Ulikaa hapo. Mimi nilidhani unanusa kama kuna grisi.

Halafu ukatupa fimbo. Ukaweka mkono mmoja kichwani, mwingine ukining'inia, na ukapiga kelele.

"Mama Moraa! Kwamboka! Kujeni! Kujeni muone! Nimepata! Nyasae, Mungu wangu, nimepata!"

Mafundi walitoka magereji yote. Wengine walikuwa hawajakuona tangu uugue. Ulikuwa unacheka na machozi, unanishika bega, unasema, "Buya mono, Mama Moraa, vizuri mono, lilikuwa hapa muda huu wote!" Kwamboka alinikonyeza. Mimi nililia kuliko siku zote za televisheni.

Tulirudi nyumbani, ukamwambia Moraa kwa simu alete funguo za sanduku la nyundo. Miezi minne ulifanya kazi kwa mkono wa kushoto, ukiutukana mkono wa kulia kama jirani mvivu. Ulinikataza kuingia zizini ukiwa kazini. Siku uliyoniita, mashine ilikuwa imesimama, imepakwa rangi ya kijani ya mlango wetu. Ukaizungusha, na nepia ikatoka upande wa pili imekatwa sawa, na ng'ombe wakageuka wote watatu. Na Jumapili iliyofuata, mtu mmoja kwenye kipindi alipata tangi la maji, na wewe ukameza chai ukasema, "Hiyo imewekwa."

Nilikwenda jikoni nikashukuru Mungu, nikiwa nimeshika sufuria.

Lakini sikuwa na amani. Furaha yako ya mwisho kubwa niliijenga juu ya uongo, tena kwa mtu ambaye hakuna aliyeweza kumdanganya juu ya chuma. Kila ulipowasimulia wageni jinsi ulivyolipata, nilikuwa natafuta kitu cha kufanya nje. Nilijiambia nitakuambia. Baada ya mavuno, baada ya Moraa kumaliza masomo. Kisha ukaanza kudhoofika.

Na alasiri ile, unaikumbuka? Umelala kwenye kitanda cha sebuleni, jua limeingia mpaka miguuni mwako. Ukafungua macho ukasema, "Mama Moraa, ile gurudumu..."

Nami nikakukata. "Pumzika, Baba Moraa. Usijichoshe." Nikakuvutia blanketi. Nilidhani unataka kuniuliza, na sikuwa na jibu. Ulinitazama, ukatabasamu kwa ule upande mmoja, ukafumba macho. Baada ya siku tatu ukaenda.

Hilo ndilo nililobeba. Nilikufunga mdomo kwa blanketi. Nimelima na neno hilo, nimechuma majani chai nalo, nimekaa nalo kanisani watu wakiimba. Ulitaka kusema nini? Nimekuuliza pale kaburini, nikiwa napalilia, mpaka majirani wakadhani naongea na simu.

Basi Jumatano hii, baada ya kicheko chetu kukatika, Moraa akauliza, "Lakini baba alikuwa anajuaje?" Nikaanza kumfundisha, nikiwa na chinsaga mkononi. Nyasi. Kutu. Konokono. Usawa wa kifua. "Na zaidi ya yote," nikamwambia, "baba yako alisema mtu aliyepata kweli hapigi kelele..."

Mdomo wangu ukasimama hapo hapo.

Moraa akasema, "Mama? Mama, ni nini?"

Baba Moraa, katika miaka yote ya ndoa yetu nilikuona ukipata vitu labda mara mia. Hukupiga kelele hata mara moja. Isipokuwa ile moja. Na ulishika kichwa, vilevile kama wale watu wa televisheni uliowacheka kila Jumapili, kwa mkono mmoja tu kwa sababu wa pili haukuinuka.

Alhamisi asubuhi nilichukua spana zako. Moraa alitaka kumwita fundi wa pale sokoni, nikamkataza. Ile mashine hakuna aliyeifungua tangu uende. Upande wa nyuma wa gurudumu umeelekea ukutani, na mimi miaka minne sikuwahi kuutazama. Nilikuwa nimeshajiambia kwamba nyuma kumeandikwa KISII, kwa kuwa ndiko ulikoliokota, na sikutaka kuuona uongo wangu umepigwa nyundo kwa mkono wako. Nikafungua kifuniko, nikafungua nati. Moraa akanisaidia kulishusha kwenye gunia, kisha akarudi ndani kuchemsha maji ya sabuni. Nikabaki peke yangu na ng'ombe.

Kwanza nikalinusa, pale ulipolinusa wewe kwenye tundu la katikati. Baba Moraa, ni wimbi. Baada ya miaka yote hiyo, baada ya maji ya chumvi na rangi ya kijani, ndani kabisa ya kitovu cha gurudumu kuna unga ulioganda, na unanuka jikoni kwa mama yangu. Niliosha kila kitu isipokuwa hapo. Nilipanga konokono kwa mkono, nikasahau kwamba kisiagi kina pumzi yake. Wewe ulijua kabla hata hujanusa, sasa nimeelewa. Lile gurudumu ulilitazama siku nzima ukiwa kijana, mjomba akikuchoma na fimbo. Kwako ilikuwa sura ya mtu unayemfahamu.

Nikachukua kitambaa na mafuta ya taa, nikasugua kutu ya nyuma. Vitone vikaanza kujitokeza. Vimekwenda upande, vingine vimepigwa mara mbili, herufi moja imeangalia nyuma, kwa sababu ni mkono wa kushoto ulioandika. Mstari wa kwanza: EKERENYO.

Chini yake palikuwa na mstari wa pili. Nikasugua tena. Uliniambia jina huandikwa kama chuma si cha kuokota, kama umepewa. Palikuwa na herufi tisa, na kila moja lazima ilikutoa jasho.

MAMA MORAA.

Wewe uliyerudisha mabati mawili kwenye mvua. Uliliandika jina langu kwenye chuma ili fundi wa kesho asije akadhani uliliokota. Na mimi ulinipigia kelele yadini ili nisijue kwamba unajua. Sasa ndipo ninapoelewa ulichotaka kusema alasiri ile. Hukutaka kuuliza. Ulitaka kusema asante, na mimi nikakufunika blanketi. Hilo litaniuma mpaka tuonane, na sitakudanganya tena kwamba haliniumi. Natamani ungekuwepo nikupigie kelele usoni. Natamani ungekaa pale kwenye ndoo, unakuna sikio, unasema nimefungua nati vibaya.

Lakini nikuambie nilichofanya, maana utacheka. Sikupiga kelele. Nilinyamaza. Niliona nimechuchumaa bila kujua nimechuchumaa lini, kidole changu kile kisicho na ncha kiko juu ya zile herufi. Nikaangalia kushoto, nikaangalia kulia, kama kuna mtu ananiona.

Moraa akaita kutoka jikoni, "Mama, umepata nini huko?"

"Hakuna kitu," nikasema.

Lala vizuri, Baba Moraa. Gurudumu nimelirudisha mahali pake, linazunguka, na ng'ombe wameshiba.

Ni mimi mkeo,
Mama Moraa